Mahakama ya rufaa hupima nini, na kwa nini mashahidi hawaitwi upya

Swali la msomaji: Wiki tatu zilizopita Mahakama ya Wilaya ilimhukumu kaka yangu kifungo cha miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Siku chache baadaye mimi nikashindwa kesi ya madai katika Mahakama ya Hakimu Mkazi, ambako nilikuwa namdai mteja bei ya mbao nilizomuuzia. Yeye alisema alishanilipa fedha taslimu, na hakimu akamwamini. Wakili ametuambia kwamba tukikata rufaa Mahakama Kuu haitaita mashahidi upya, hata yule jirani ambaye angesema kuwa usiku ule kaka alikuwa nyumbani kwake yeye jirani. Kama mashahidi hawasikilizwi, rufaa ni ya nini? Na je, kesi ya jinai na ya madai hupitiwa kwa namna moja?

Jibu: Ndugu msomaji, pole kwa yaliyoikuta familia yenu. Wakili wenu amesema kweli, ila kauli ile ikiachwa peke yake inaweza kuwakatisha tamaa pasipo sababu, kwa sababu Mahakama Kuu kutoita mashahidi hakumaanishi kwamba haitaugusa ushahidi wao. Rufaa mnayotaka kukata ni rufaa ya kwanza, na kwa sheria za Tanzania rufaa ya kwanza ndiyo nafasi ambayo mrufani ana haki ya kuona ushahidi wote ukipimwa tena, kuanzia shahidi wa kwanza hadi wa mwisho. Nafasi hiyo haipatikani mara ya pili. Kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu kinachofanyika katika hatua hiyo, kisha niguse kwa ufupi yanayofuata. Nazungumzia Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na sheria zake za mwenendo, ingawa Mahakama ya Rufani ni moja kwa pande zote mbili za Muungano.

Mahakama ya rufaa, yaani mahakama yoyote inayosikiliza rufaa, ambayo kwenu ni Mahakama Kuu, hufanya kazi kwa jalada. Ndani ya jalada mna hati ya mashtaka au hati ya madai, mwenendo wa shauri kama hakimu alivyouandika shahidi mmoja baada ya mwingine, vielelezo vilivyopokelewa, na hukumu yenyewe pamoja na sababu zake. Jambo ambalo halimo humo, kwa jaji wa rufaa, halikutokea. Ikiwa shahidi wa Jamhuri, yaani wa upande wa mashtaka, alipoulizwa maswali ya dodoso alikiri kwamba kulikuwa na giza, lakini kukiri huko hakukuandikwa, mrufani hawezi kusimama mbele ya jaji na kusema "alikiri, sote tulisikia", kwa sababu kumbukumbu za mahakama huchukuliwa kuwa ni sahihi mpaka ithibitishwe vinginevyo kwa sababu nzito. Ndiyo maana jambo la kwanza ninalowasihi ni kuomba nakala za mwenendo na hukumu zilizothibitishwa, na kuzisoma ninyi wenyewe neno kwa neno kabla hamjaandika hoja hata moja. Watu wengi huandika sababu za rufaa kwa kumbukumbu ya walichokisikia mahakamani, na matokeo yake ni kulalamikia mambo ambayo jalada halina, huku makosa ya kweli yaliyomo wakiyaacha.

Wajibu wa mahakama ya rufaa ya kwanza uliwekwa wazi zamani. Katika shauri la Pandya la mwaka 1957, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema kwamba mahakama inayosikiliza rufaa ya kwanza ya jinai inapaswa kuupitia ushahidi wote upya na kuufikia uamuzi wake yenyewe, badala ya kuangalia tu kama kuna ushahidi unaoweza kuubeba uamuzi wa chini. Kwa upande wa madai, kanuni hiyohiyo ilielezwa mwaka 1968 katika shauri la Selle dhidi ya Associated Motor Boat. Mahakama hiyo ilikoma baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, na Tanzania ikaanzisha Mahakama yake ya Rufani mwaka 1979, lakini misingi ile imeendelea kufuatwa mpaka leo. Jaji wa Mahakama Kuu anayeandika tu kwamba "hakimu alikuwa sahihi na sioni sababu ya kuingilia", bila kuonyesha kwamba ameupima ushahidi wa pande zote mbili, ukiwamo utetezi, anakuwa ameacha wajibu wa kisheria, na kuacha huko kwenyewe ni sababu halali ya kwenda Mahakama ya Rufani.

Upo mpaka mmoja unaostahili kuheshimiwa. Hakimu alimwona shahidi kwa macho yake: alivyosita, alivyojibu, alivyobadilika sauti. Jaji wa rufaa ana karatasi tu. Kwa hiyo katika suala la kumwamini shahidi kwa kuzingatia mwenendo wake kizimbani, mahakama ya awali husikilizwa sana. Hata hivyo uaminifu wa shahidi haupimwi kwa mwenendo wa kizimbani peke yake. Hupimwa pia kwa kuangalia kama maelezo yake yanashikamana yenyewe kwa yenyewe, na kama yanaafikiana na ushahidi wa wengine, akiwamo mshtakiwa, na vipimo hivyo viwili jaji wa rufaa anaweza kuvitumia akiwa na jalada mezani. Mrufani anayelalamika kwamba "hakimu aliwaamini mashahidi waongo" hampi jaji kitu cha kufanyia kazi. Anayeonyesha kwamba shahidi wa kwanza alisema wavamizi walikuwa watatu na wa pili akasema watano, ilhali wote walikuwa katika chumba kimoja, amempa jaji hoja ya kupima, na ni juu ya jaji kuona kama tofauti hiyo inagusa kiini cha kesi au ni tofauti ndogo ya kawaida baina ya watu wawili waliokumbwa na hofu.

Sasa nije kwenye kesi ya kaka yako. Sijaona jalada lake, na sitajifanya kujua matokeo, ila kesi nyingi za unyang'anyi wa usiku hutegemea utambuzi wa macho, na hapo ndipo upimaji upya wa ushahidi huonekana kwa uwazi zaidi. Tangu shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani imesisitiza kwamba ushahidi wa namna hiyo ni dhaifu na haupaswi kutegemewa mpaka uwezekano wote wa kumfananisha mtu uwe umeondolewa. Kwa hiyo jaji atatafuta ndani ya mwenendo majibu ya maswali ambayo hakimu alipaswa kuyajibu. Mwanga ulitoka wapi, na ulikuwa na ukali gani? Kusema "taa ilikuwa inawaka" hakutoshi, kwa sababu kibatari na taa ya umeme vyote ni taa. Shahidi alikuwa umbali gani na mtu anayedai kumtambua? Tukio lilichukua muda gani, na katika muda huo shahidi alikuwa akimtazama au alikuwa amelazwa kifudifudi? Alikuwa akimfahamu kabla? Kama alimfahamu, je, alimtaja kwa jina kwa watu wa kwanza waliofika na kwa polisi, au jina lilijitokeza siku nyingi baadaye? Mahakama zetu zimeshikilia kwamba kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo huupa ushahidi uzito, na kuchelewa kumtaja bila maelezo huleta shaka. Ikiwa majibu ya maswali haya hayamo katika jalada, jaji ana mamlaka ya kusema kwamba utambuzi haukuwa salama, hata kama hakimu aliandika kwamba mashahidi walionekana wakweli, maana shahidi mkweli kabisa anaweza kukosea katika kutambua sura.

Eneo la pili ambalo rufaa za jinai hupatia nguvu ni namna vielelezo vilivyoingizwa. Tuseme upande wa mashtaka ulitoa maelezo ya onyo, yaani maelezo ambayo mtuhumiwa huyatoa polisi baada ya kuonywa, na ambamo inadaiwa kaka yako alikiri. Utaratibu ni kwamba hati ya namna hiyo kwanza huombewa kupokelewa, mshtakiwa huulizwa kama ana pingamizi, na ikishapokelewa husomwa kwa sauti mahakamani ili mshtakiwa ajue inasema nini na aweze kujitetea dhidi yake. Hati ikipokelewa lakini isisomwe, mahakama ya rufaa kwa kawaida huiondoa kwenye kumbukumbu, halafu hujiuliza swali linalofuata, ambalo warufani wengi hulisahau: baada ya kuondoa kielelezo hicho, ushahidi uliobaki unatosha kumtia mtu hatiani? Kama mashahidi walieleza kwa mdomo mambo yaleyale na wakaaminika, kosa la hati halitaiangusha kesi. Kama kukiri kule ndiko kulikokuwa nguzo pekee, kesi inaanguka nayo. Kwa vitu vilivyokamatwa, kama simu au panga, jaji atafuatilia mkono kwa mkono, tangu kilipochukuliwa mpaka kilipoletwa mahakamani, aone kama kuna pengo linaloleta shaka kwamba kilicholetwa ndicho kilichokamatwa.

Ni muhimu kuelewa kwamba si kila kosa la utaratibu linafuta hukumu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inazuia mahakama ya rufaa kutengua hukumu kwa sababu ya dosari katika hati ya mashtaka au mwenendo, isipokuwa dosari hiyo imesababisha haki kutotendeka, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 mahakama zimeelekezwa kwa mkazo zaidi kutanguliza haki ya msingi kuliko mambo ya kiufundi. Mrufani, kwa hiyo, anapaswa kueleza mambo mawili kwa pamoja: kosa lilikuwa lipi, na lilimnyima nini. Binafsi naona hapa ndipo rufaa nyingi zinazoandikwa kwa haraka zinapofia, kwa kuwa hukusanya makosa kumi na mbili bila kueleza madhara ya hata moja.

Dosari ikiwa kubwa kiasi cha kuufanya mwenendo wote kuwa batili, si lazima mshtakiwa aachiwe. Mahakama inaweza kuamuru kesi isikilizwe upya. Kanuni ya mwaka 1966 katika shauri la Fatehali Manji ni kwamba kusikilizwa upya huamriwa pale kesi ya awali ilipokuwa batili au yenye kasoro, wala si kwa lengo la kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake, na kila kesi huangaliwa kwa mazingira yake ili mshtakiwa asionewe. Hivyo ukisikia mtu ameachiwa huru "kwa kosa la kiufundi", mara nyingi ukweli ni kwamba majaji waliutazama ushahidi uliobaki wakaona hautoshi, na kuirudisha kesi kungekuwa kumpa mshtaki nafasi ya pili asiyostahili.

Kuhusu adhabu nitasema machache. Miaka 30 ndicho kiwango cha chini kwa unyang'anyi wa kutumia silaha kwa mujibu wa Sheria ya Kanuni ya Adhabu, kwa hiyo kama hatia itabaki palepale hakuna hoja ya huruma itakayoipunguza. Nafasi iliyopo ni kuishambulia hatia yenyewe, au kuonyesha kwamba ushahidi, ukiaminika wote, unathibitisha kosa dogo zaidi. Katika makosa mengine, ambako hakimu ana hiari, mahakama ya rufaa huigusa adhabu pale tu inapokuwa kubwa au ndogo kupita kiasi, au imetolewa kwa msingi usio sahihi, au ni kinyume cha sheria. Yafaa pia mjue kwamba Mahakama Kuu ina uwezo wa kuongeza adhabu, baada ya kumpa mrufani nafasi ya kusikilizwa, na kwamba mtu aliyekiri kosa mwenyewe mahakamani kwa kawaida huruhusiwa kukata rufaa juu ya adhabu peke yake.

Kesi yako ya mbao itapitiwa kwa msingi uleule wa kupima ushahidi upya, lakini mizani ni nyingine. Katika jinai, Jamhuri hubeba mzigo wa kuthibitisha kosa bila kuacha shaka ya maana, na mshtakiwa hahitaji kuthibitisha kwamba hana hatia. Akiamsha shaka hiyo inamtosha. Katika madai, kila upande unaodai jambo unapaswa kulithibitisha, na anayeshinda ni yule ambaye ushahidi wake una uzito zaidi kuliko wa mwenzake. Ndiyo maana hoja inayomtoa mtu gerezani inaweza isisaidie lolote katika kesi ya deni: shaka peke yake haimshindishi mdai wala mdaiwa.

Kwa hiyo katika sababu zako za rufaa swali kuu litakuwa ni nani alipaswa kuthibitisha nini. Kwa jinsi ulivyoeleza, mteja hakukana kupokea mbao wala bei mliyokubaliana, alisema amelipa. Kwa Sheria ya Ushahidi, anayedai kuwapo kwa jambo ndiye anayepaswa kulithibitisha, na hapa aliyedai kuwapo kwa malipo ni yeye. Soma hukumu uone hakimu alilishughulikiaje hilo. Kama aliandika kwamba wewe ulishindwa kuthibitisha kuwa hukulipwa, huenda aliuweka mzigo kwenye mabega yasiyo yake, na hilo ni kosa la kisheria ambalo jaji anaweza kulirekebisha bila kumwona shahidi yeyote. Kama, kwa upande mwingine, aliandika kwamba mteja alileta shahidi aliyeshuhudia fedha zikikabidhiwa, na wewe au wakili wako hamkumhoji shahidi huyo juu ya jambo hilo, hali yako ni ngumu zaidi, kwa kuwa ushahidi ambao haukupingwa kwa maswali huchukuliwa kuwa umekubaliwa. Angalia pia kama kulikuwa na mkataba wa maandishi uliosema malipo yafanyike kwa njia ya benki, maana maneno ya mdomo kwa kawaida hayaruhusiwi kubadili masharti ya mkataba ulioandikwa, na hati, tofauti na shahidi, jaji wa rufaa anaisoma vilevile kama alivyoisoma hakimu. Kadiri kesi inavyosimama juu ya maandishi, ndivyo mahakama ya rufaa inavyokuwa huru zaidi kuamua tofauti na mahakama ya chini.

Katika madai wahusika pia hufungwa na hati zao za madai na za utetezi. Huwezi kukata rufaa ukidai riba ambayo hukuiomba mwanzoni, au ukaleta msingi mpya wa deni ambao mdaiwa hakuwahi kuujibu. Hasara mahususi, kwa mfano gharama ya lori uliyoilipa kwa ajili ya mzigo huo, hutakiwa kutajwa waziwazi katika hati ya madai na kuthibitishwa kikamilifu, kwa hiyo kama haikutajwa rufaa haitaifufua. Fidia ya jumla ni suala la hiari ya mahakama, na mahakama ya rufaa huiingilia pale tu hakimu alipotumia kanuni potofu au alipofikia kiasi kisicho na uwiano kabisa na hasara. Aliyekubali hukumu kwa maridhiano hana rufaa juu yake. Katika kesi zote mbili, za jinai na za madai, amri ndogo zinazotolewa kesi ikiwa bado inaendelea, na ambazo haziimalizi, hazikatiwi rufaa peke yake. Mtu husubiri hukumu ya mwisho.

Mkishindwa Mahakama Kuu, ngazi inayofuata ni Mahakama ya Rufani, ambako rufaa husikilizwa na jopo la majaji wasiopungua watatu. Lakini hapo mtakuwa katika rufaa ya pili, na kazi ya mahakama hubadilika kabisa. Katika rufaa ya jinai iliyoanzia mahakama za chini, Sheria ya Mamlaka ya Rufani inaruhusu hoja za kisheria tu, na ukali wa adhabu hauhesabiki kuwa hoja ya kisheria. Ikiwa mahakama mbili za chini zimekubaliana juu ya mambo yaliyotokea, Mahakama ya Rufani haiyagusi, isipokuwa ionekane kwamba ziliuelewa ushahidi vibaya, ziliacha ushahidi muhimu, au zilivunja msingi wa sheria kiasi cha kumnyima mtu haki. Hoja ambayo haikupelekwa Mahakama Kuu na kuamuliwa huko haitasikilizwa kwa mara ya kwanza kule juu, ila kama ni hoja ya kisheria. Katika madai, marekebisho ya mwaka 2023 yaliondoa sharti la kuomba kibali cha kukata rufaa, jambo ambalo limeondoa hatua moja iliyokuwa ikiwachosha watu, lakini halikubadilisha uzito wa mahakama mbili kukubaliana. Hii ndiyo sababu ninasisitiza rufaa ya kwanza: anayeiandika kwa uzembe akitegemea kurekebisha baadaye hukuta mlango wa ushahidi umeshafungwa. Baada ya Mahakama ya Rufani kuamua, inabaki mapitio ya uamuzi wake yenyewe, ambayo hukubaliwa kwa sababu chache sana, kama kosa lililo dhahiri kwenye uso wa kumbukumbu au mtu kunyimwa haki ya kusikilizwa, wala si kwa sababu mtu hakuridhika na uamuzi.

Muda ni jambo la haraka kwenu kuliko hayo yote. Katika jinai, kaka yako alipaswa kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10 tangu hukumu, kisha kuwasilisha sababu za rufaa ndani ya siku 45, na muda uliotumika kusubiri nakala za mwenendo na hukumu hauhesabiwi. Umesema zimepita wiki tatu. Nendeni leo gerezani, mkamwulize yeye na ofisi ya mkuu wa gereza kama taarifa hiyo ilitolewa, kwa sababu wafungwa wengi huitoa kupitia huko na familia haijui. Kama haikutolewa, Mahakama Kuu ina uwezo wa kuongeza muda kwa sababu ya msingi, lakini mwombaji atatakiwa kueleza ucheleweshaji wote, na kila siku inayopita kuanzia sasa inaongeza kitu cha kuelezea. Katika kesi yako ya madai, rufaa kutoka Mahakama ya Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu ina siku 90, na muda wa lazima wa kupata nakala za hukumu na tuzo (amri rasmi inayotokana na hukumu) huondolewa katika hesabu. Omba nakala hizo kwa barua, na utunze barua yenye mhuri wa mahakama wa kuipokea, kwa sababu bila kumbukumbu hiyo hutakuwa na cha kuonyesha kwamba ulikuwa unasubiri nakala. Kukata rufaa peke yake hakuzuii utekelezaji wa hukumu, kwa hiyo kama umeamriwa kulipa gharama za kesi, utahitaji maombi tofauti ya kuusimamisha. Dhamana kwa kaka yako wakati rufaa ikisubiriwa inaweza kuombwa, ingawa baada ya mtu kutiwa hatiani hutolewa kwa nadra, na katika kosa hili nisingependa mjenge matumaini juu yake.

Mnapoandika sababu za rufaa, ziwe chache na kila moja itaje kosa mahususi: hakimu alikosea wapi, katika ushahidi wa shahidi gani, na kwa nini kosa hilo linabadilisha matokeo. Ukitaka kuona majaji wenyewe wanavyoziandika na kuzijibu, hukumu nyingi za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu zinasomwa bure katika tovuti ya TanzLII, na kusoma mbili au tatu za unyang'anyi wa usiku kutawapa mwanga wa kutosha kuzungumza na wakili wenu kwa uelewa.

Limebaki suala la jirani. Mlango wa ushahidi wa nyongeza upo kisheria. Katika jinai, Mahakama Kuu inaweza kupokea ushahidi huo yenyewe au kuagiza mahakama ya chini iupokee, ikiandika sababu zake; katika madai inaweza kufanya hivyo, kwa mfano, pale mahakama ya awali ilipokataa isivyo halali ushahidi uliostahili kupokelewa. Lakini mlango huo ni mwembamba, na vigezo vinavyotumika sana vinafanana na vile vilivyowekwa Uingereza mwaka 1954 katika shauri la Ladd dhidi ya Marshall: ushahidi uwe haukuweza kupatikana wakati wa kesi hata kwa bidii ya kawaida, uwe na uwezekano wa kuathiri matokeo kwa kiasi kikubwa, na uwe wa kuaminika kwa kuutazama. Jirani yenu huenda akavuka vigezo viwili vya mwisho, ila cha kwanza ni kigumu, kwa kuwa kama kaka yako alikuwa kwake usiku ule, basi kaka yako alijua tangu siku ya kukamatwa kwamba jirani huyo yupo. Zaidi ya hayo, mshtakiwa anayetaka kujitetea kwamba alikuwa mahali pengine hutakiwa kutoa taarifa mapema, na asipofanya hivyo mahakama inaweza isiupe utetezi huo uzito.

Kabla ya kukata tamaa na jirani huyo, fungueni mwenendo kwenye kurasa za utetezi. Tazameni kama kaka yako alisema alikuwa kwa jirani, na kama aliomba shahidi huyo aitwe na ombi lake likajibiwa vipi. Ikiwa aliomba na hakimu akakataa bila sababu, au akafunga utetezi kabla shahidi hajafika ilhali hati ya wito ilikuwa imetolewa, hamtahitaji kuleta ushahidi mpya. Mtakuwa na sababu ya rufaa iliyo kamili, ya mshtakiwa kunyimwa nafasi ya kuleta shahidi wake, na haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu imo katika Ibara ya 13 ya Katiba. Ikiwa alijitetea hivyo na hakimu hakuutaja kabisa utetezi huo katika hukumu, hiyo nayo ni hoja nzito, maana jaji wa rufaa ya kwanza atapaswa kuupima utetezi ambao haukuwahi kupimwa. Na ikiwa kaka yako mwenyewe hakuutaja kabisa alipojitetea, basi kiapo cha jirani sasa hakitawafikisha mbali, na nguvu zenu zielekezeni kwenye ushahidi wa Jamhuri wenyewe: mwanga, umbali, muda, na siku ambayo jina la kaka yako lilitajwa kwa mara ya kwanza.